Mombasa hadi Malindi na gari linalokunywa maji

Jumamosi

Tumetoka Kisauni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na Shangazi. Kiti cha nyuma kimebeba vitu vya harusi: sinia mbili, kanda la nguo na halua ya kilo tano ambayo Shangazi amekataa katakata iwekwe buti. Gari ni Mazda RX-8 ya mwaka 2004, ya mkono wa pili kutoka Uingereza, ile ambayo milango yake ya nyuma hufunguka kinyumenyume kama kabati. Harusi ya binamu yangu, mwanawe Shangazi, ni Ijumaa, Malindi. Alitaka kitu kimoja tu kutoka kwangu: apelekwe msikitini na gari hili.

Sikumwambia kwamba gari linakunywa maji. Limeanza zamani kidogo, nusu lita kwa wiki, kisha nusu lita kwa siku nne. Nilikuwa nalijaza kimya kimya usiku, kama mtu anayemlisha paka wa jirani. Leo nimeamua kuandika kila tone kwenye daftari.

Mtwapa tukakuta foleni. Lori mbele, matatu ubavuni, bodaboda kila penye upenyo. Mshale wa joto ulikuwa katikati, umetulia tuli. Ila nilikuwa nimechomeka chini ya usukani kile kidude kinachosoma kompyuta ya gari na kuonyesha kwenye simu. Tulipokuwa tukitembea simu ilisema digrii 88. Kwenye foleni ikapanda: 97, 101, 106. Mshale haukutikisika! Ndivyo walivyoutengeneza Mazda, ukae katikati kwa joto la aina nyingi ili mwenye gari asiwe na wasiwasi, na siku ukiinuka ndiyo umeshachelewa. Nimelimiliki gari hili miaka miwili nikiuamini mshale ule.

Nikafungua vioo vyote, nikawasha hita mpaka mwisho. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, inachukua joto la injini na kulileta miguuni mwenu.

"Mwanangu, AC yako imeingiwa na shetani?"

"Ni ya kuponya injini, Shangazi."

"Na mimi nani ataniponya?"

Joto likashuka mpaka 99. Tulipovuka daraja la Mtwapa nikaingia petroli stesheni, nikazima, tukakaa dakika 40 chini ya mwembe. Kifuniko cha tangi la maji hakifunguliwi kikiwa moto. Maji yaliyofungiwa kwa presha huruka yakiwa mvuke, na uso hauna spea. Nikatia lita 1.2 za maji ya mfereji wa pale pale. Kilifi, upande wa pili wa daraja, nikatia nyingine 0.7. Matsangoni, Gede, Msabaha, yote nimeyapita nikitazama simu badala ya msitu wa Arabuko. Malindi tumefika adhuhuri inaadhiniwa. Kilomita 120 kwa saa sita kasoro.

Daftari: lita 1.9.

Jumapili

Saa mbili asubuhi, injini baridi kama mtungi, nimefungua kifuniko cha tangi la maji. Likatoa "tsss". Nikadhani ni kawaida. Ninaliandika hapa kwa sababu baadaye litanirudia.

Fundi wa kwanza, kijana mwenye gereji ya barabarani, alisikiliza dakika moja akatoa hukumu: hedigasketi, ile sili iliyo chini ya hedi, yaani kichwa cha injini. Nikamwambia injini hii haina hedi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kuna samaki asiye na miba hata mmoja. Akataka kuonyeshwa. Nikafungua boneti, akatafuta hedi, akatafuta vali, akaita wenzake wawili. Mwishowe akasema kwa heshima, "Kaka, hii mpelekee Mzee kule ufuoni. Yeye hutengeneza injini za mashua, hashangai na kitu."

Mzee nimemkuta chini ya mvungi wa mashua. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kutoka. Alipotoka akauliza maswali matatu: maji yanapungua ukitembea au ukisimama? Moshi wa rangi gani asubuhi? Na ndani kuna nini?

Hilo la tatu nilimwekea mfano wa sambusa. Injini hii, aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel na ambayo Mazda walianza kuiuza kwenye Cosmo Sport ya 1967, haina pistoni. Ina chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizobenuka, sambusa tupu, kinachozunguka ndani ya chumba chenye umbo la kifuko cha karanga mbili. Upande mmoja wa chumba sambusa inavuta hewa na petroli, mbele kidogo inabana, plagi zinawasha, kisha inatoa moshi. Yangu ina sambusa mbili, kila moja sentimita za ujazo 654, jumla 1308.

"Kwa hiyo upande wa moto ni wa moto daima, na wa baridi daima baridi," akasema Mzee.

Hapo nikajua nimefika. Ndilo tatizo lenyewe, naye amelishika kwa mfano wa sambusa tu. Kwenye pistoni pale palipowaka moto ndipo inapoingia pumzi mpya ya hewa baridi. Hapa ubavu wa plagi haupumziki kamwe. Na injini yenyewe haikumwagwa kipande kimoja: ni vipande vimepangwa, sahani ya chuma, chumba cha alumini, sahani, chumba, sahani, vimebanwa kwa bolti ndefu zinazopita toka mwanzo hadi mwisho.

"Mishikaki," akasema mjukuu wake.

Naam, mishikaki. Na kati ya nyama na nyama kuna sili nyembamba za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye moto. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko chuma. Ukiichemsha injini hii mara moja tu vibaya, vipande vinasuguana, sili zinaminywa, na hapo ndipo watu husema "imekwisha".

Mzee hakusema imekwisha. Alizunguka na tochi nusu saa, akaniita. Kwenye mshono wa tangi la plastiki, upande ambao hauonekani ukisimama, palikuwa na mstari mweupe kama chumvi ya jasho kwenye fulana. Ufa. Gari likiwa moto plastiki inafunguka, maji yanatoka kama ukungu na kukauka juu ya injini kabla hayajadondoka. Likipoa linafumba. Ndiyo maana sikuwahi kuona tone chini.

Matangi haya yanajulikana kwa ugonjwa huo. Nilifurahi kupita kiasi. Usiku nikala pilau mara mbili.

Jumatatu

Tangi limeagizwa Mombasa, la gari lililochinjwa, litakuja kesho na matatu. Dereva wa tuktuk ameshauri nitie manjano kwenye rejeta, vijiko vitatu. Mwenzake akasema hapana, ute wa yai. Dawa hizi zimeshawafikisha watu nyumbani, sitaki kuwadharau, lakini njia za maji za injini hii ni nyembamba na yai likiiva mle sijui nani atakwenda kulimenya.

Shangazi amechukua tuktuk kwenda kupima chumba cha bibi harusi. Sikualikwa.

Jumanne

Tangi limefika saa nne limefungwa kwa gunia, na kifuniko chake. Mzee akalifunga mwenyewe. Alipokuwa pale akazungusha feni mbili za umeme kwa kidole, akaniambia niwashe AC. Moja ikavuma, moja kimya. Soketi yake ilikuwa imeota kutu ya kijani, hewa ya bahari hiyo. Akaisugua kwa msasa na petroli, akairudisha, ikanguruma. Kumbe Mtwapa nilikuwa natembea na pafu moja.

Tukatia kulanti, dawa ya maji ya kupozea injini, ya kijani iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri. Nasema yale safi ya kuongezea, si asidi; kijana wa dukani karibu anipe ya pili. Mzee alisisitiza rangi. "Maji meupe hayana ushahidi," alisema. "Ya kijani yakipita mahali yanaacha saini."

Jioni nikaenda Mambrui, kilomita 30 hivi kwenda na kurudi, Shangazi akiwa amekubali kwa sharti kwamba hita haiguswi. Digrii 89 njia nzima, 94 nilipobanwa nyuma ya trekta. Kwenye daraja la Sabaki tukasimama kutazama mto, mwekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, ukiingia baharini na kuipaka rangi bahari yote ya upande ule. Nikapiga picha ya simu yenye 89 badala ya mto.

Nimesubiri lipoe. Saa nne usiku nikafungua na kupima kwa chupa yenye alama.

Mililita 350 zimekosekana.

Nimelala chini ya gari na tochi. Tangi kavu. Mipira ya maji kavu. Chini ya wota pampu kavu. Zulia la ndani, upande wa hita, kavu. Hakuna saini ya kijani popote.

Jumatano

Siku mbaya. Nilifika nikamkuta mjukuu wa Mzee, kijana mwema, amelisogeza gari mita tano kupisha mashua na kulizima. Injini hii ukiiwasha baridi lazima uiache ipate moto kwanza. Ukiizima mara moja, petroli iliyoingia kwa wingi inabaki imelowesha plagi, na sambusa haina nguvu ya kuifuta. Likakataa kuwaka. Starta inazunguka nyepesi, wiii wiii, bila mkwaruzo wa uhai.

Kijana alitaka kulia. Nilimwambia hata mimi lilinifanyia hivyo siku ya pili baada ya kulinunua, na ni kweli.

Dawa yake: kanyaga mafuta mpaka chini na kupiga starta, kompyuta itakata petroli na hewa itapuliza vyumba. Mara tatu, nne, betri ikachoka. Tukavua gurudumu la mbele la kushoto na kuingilia plagi kwa pale. Ziko nne, mbili kila chumba, moja juu na moja chini. Zote zimelowa. Moyo ukaniruka. Lakini zilinuka petroli, zote nne sawasawa, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mzee alikasirika kuliko nilivyotarajia. Si kwa sababu gari limegoma. Ni kwa sababu alikuwa amepanga kuzitazama plagi asubuhi ile, na sasa ushahidi umefuliwa.

"Tunaanza upya," akasema. "Usiku tutaliuliza vizuri."

Amekitoboa kifuniko cha tangi la zamani, akapachika vali ya tairi la baiskeli. Plagi zimekaushwa, zimerudishwa, gari limewaka kwa wingu la moshi lililowatoa wavuvi mabandani, likapashwa mpaka digrii 85, likazimwa. Baada ya swala ya Isha, likiwa limepoa, tukafunga kifuniko chenye vali na kupiga pampu mpaka paundi 12. Hakuzidisha, tusije tukapasua kingine. Karatasi za gazeti zimetandazwa chini.

Alhamisi

Saa nne usiku geji ilisema 9. Alfajiri ilisema 4.

Magazeti makavu kabisa. Maji hayakwenda nje.

Hapa ningependa kuandika kwamba nilikuwa mtulivu. Nilikwenda nikakaa kwenye ukingo wa mashua nikatazama kupwa kwa maji, nikihesabu bei ya injini. Mzee akavua plagi za chumba cha nyuma: kavu, rangi ya kahawia, nzuri. Ya juu ya chumba cha mbele: unyevu kidogo. Ya chini ya chumba cha mbele ikatoka na tone limening'inia kwenye ncha. La kijani.

Mjukuu akanyosha kidole. Mzee akakipiga. "Ni tamu na ni sumu, hilo. Nusa tu."

Nikanusa. Utamu wa sharubati iliyochacha. Tukapiga starta bila plagi, ukungu ukatoka kwenye tundu la chini ukapaka ukuta wa mashua.

Basi mambo yote yakajipanga nyuma kwa nyuma. Ile "tsss" ya Jumapili, injini ikiwa baridi ya saa 20 nzima: presha ya maji moto hupotea maji yakipoa, kwa hiyo iliyobaki pale haikuwa ya joto, ilikuwa ya moto wa injini uliopenya sili na kuingia kwenye maji. Upepo ule ulikuwa unasukuma kulanti nje kupitia tangi, na yawezekana ndio uliolipasua. Injini ikifanya kazi, gesi inaingia kwenye maji. Ikizimwa, maji yanaingia kwenye chumba. Mlango mmoja, wapita njia wawili. Na kile kimoshi cheupe cha asubuhi nilichokiita umande! Injini hii hujidungia oili ndani ya vyumba kwa pampu yake, kwa hiyo moshi kidogo nilishauzoea. Lakini wa oili ni wa bluu na hukaa hewani. Wangu ulikuwa mweupe na ukipotea juu ya paa la jirani.

Nimemuuliza Mzee kuhusu kesho. Akafikiri kwa muda wa kuvuta sigara nzima.

"Bwana harusi litambeba. Mombasa halitarudi kwa magurudumu yake."

Ijumaa

Kilomita mbili na nusu, toka nyumbani hadi msikitini. Nimeliwasha dakika 15 kabla ili lipate moto, gia ya pili, hita wazi mpaka mwisho. Bwana harusi nyuma na kanzu, joho na kilemba, jasho likimchuruzika mpaka kwenye ndevu. Watu wakasema ana haya. Dufu zikalia, milango ikafunguka kinyumenyume, kamera zikajaa, binamu yangu akashuka kama sultani aliyetoka hamamu.

Digrii 96. Mililita 200. Sijamwambia mpaka leo.

Jumamosi

Nimelala.

Jumapili

Injini imetolewa kwa cheni bloku iliyofungwa kwenye boriti inayoning'inizia injini za mashua. Ni nyepesi, kijana na mimi tuliisukuma bila shida. Kazi ilikuwa nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, milimita 54, imekazwa kwa nguvu za majini. Kwenye gereji za magari ukiuliza spana ya 54 watadhani unatania. Mzee aliingia ndani akatoka nayo, ya kufungulia shafti za propela, na bomba la mita mbili la kurefushia mkono. Tulikaa watu watatu juu ya bomba.

Bolti zimetoka moja moja kwa mpangilio, zimepangwa juu ya kanga kuukuu. Nyama ya kwanza ya mshikaki ikabanduka. Sambusa ya mbele ilikuwa na ubavu mmoja msafi unaong'aa, umesafishwa na mvuke, zingine nyeusi za masizi. Sili ya maji, pale ubavu wa plagi, ilikatika nikiigusa, ngumu kama ganda la kitunguu lililoungua. Lakini Mzee hakuitazama sili. Alikuwa anapitisha ukucha kwenye mfereji wa chuma ambamo sili hulala. Ukingo wake, urefu wa kidole gumba, haukuwepo. Umelika. Umebaki unga wa kahawia.

"Hili si la joto," akasema. "Joto limemalizia tu."

Akanionyesha mashua iliyokuwa juu ya magogo. Karibu na propela palikuwa na kipande cha zinki kilicholiwa mpaka kikawa kama mabuyu. Chuma na shaba ndani ya maji ya chumvi hulana, akaeleza, ndiyo maana mabaharia hutoa zinki iliwe badala yao. Humu ndani mna chuma na alumini, na maji kati yao, na moto. Kulanti ina dawa ya kuzuia hilo. Bila dawa, chuma hupata kutu na kumomonyoka.

Akajifuta mikono. "Kabla ya hii ya kijani, ulikuwa unatia maji gani?"

Nikaanza kueleza habari za bei ya kulanti Mombasa.

"Ya mfereji," akasema Shangazi kutoka kivulini, mdomo umejaa halua. "Kisauni nimemwona kwa macho yangu. Usiku, na jagi langu la sharubati."